Wadogo Nusu Bei

Sogeeni karibu, mwenye kiti na mwenye ndoo ya kukalia. Nchi ninayotaka kuisema siyo hii. Lieleweke hilo kwanza, maana kuna watu wana masikio mepesi na miguu myepesi zaidi ya kwenda kusimulia. Hii yetu naijua, nimeitumikia mpaka ikanipa saa ya ukutani isiyotembea ikaniaga. Ile nyingine ilikuwa mbali sana, na ilikuwa na barabara nzuri mno, hasa kwenye hotuba.

Basi katika nchi hiyo Waziri wa Furaha na Mapumziko, Mheshimiwa Daktari Tambarare, alisafiri ughaibuni kujifunza kilimo cha maharage, akakuta huko gurudumu kubwa kama mlima. Watu wanakaa kwenye vikapu vya chuma, linawapandisha juu kabisa, wanaangalia mbali, halafu linawashusha palepale walipopandia. Mheshimiwa akasimama chini yake akatokwa na machozi. Akasema haya ndiyo maendeleo aliyokuwa akiyatafuta maisha yake yote: mwananchi anapanda, anaona mbali, anarudi alipokuwa, na amelipa.

Aliporudi nyumbani maharage hayakutajwa tena. Ikaamriwa ijengwe Bustani ya Furaha ya Taifa, yenye Gurudumu Kuu, farasi wa mbao, magari ya kugongana, na treni ya kuingia pangoni kutisha watoto. Eneo likapatikana haraka, kwa sababu lilikuwa na watu tu. Paliitwa Kwa Kitwana, mtaa wa zamani wa vibanda na miembe michache. Wakazi walilipwa fidia ya shukrani, iliyosomwa kwa kipaza sauti mara mbili ili asiwepo wa kusema hakuipata.

Watu wakahama, vibanda vikahama, mpaka kisima kikahama, msiniulize kivipi. Kitu kimoja kiligoma: kaburi la Mzee Kitwana mwenyewe, aliyeupa mtaa jina. Tingatinga lilipolifikia, dereva alishuka, akavua kofia, akasema mafuta yameisha. Akaletwa dereva wa pili, na yeye mafuta yakamwishia palepale. Wataalamu wakaandika ripoti kwamba ardhi ile ina tabia ya kunywa dizeli, na kwa kuwa dizeli ilikuwa ghali wakaliacha kaburi, wakazungushia bustani. Kwa hiyo Mzee Kitwana akajikuta amelala katikati ya Gurudumu Kuu na banda la askirimu. Kwenye ramani ya bustani paliandikwa Kituo cha Utulivu.

*

Mzee Kitwana aliacha mjane, Bi Mafunda. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, mama huyo alikuwa na desturi yake: kwenda kaburini na kopo la maji na mrihani, kung'oa magugu, kusoma alichojaliwa, kisha kumwagia maji kaburi lote kuanzia kichwani kushuka miguuni. Tangu uzio wa mabati ulipojengwa hakuwahi kufika. Alikwenda langoni akaomba. Askari wa zamu, kijana mwenye adabu zake, alimwambia tiketi zilizopo ni za kufurahi, tiketi ya kulia haijachapishwa.

Angevumilia. Alikuwa amevumilia mengi. Lakini mwaka huo redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Tambarare, kwa mapenzi yake kwa taifa, ataongeza Maporomoko ya Maji ya Kutengenezwa, na kwamba yatajengwa pale penye Kituo cha Utulivu, kwa sababu hesabu zimeonyesha hakuna raia hata mmoja aliyewahi kulipia utulivu. Zege lingemwagwa mwezi ukiisha. Dizeli ilikuwa imeshuka bei.

Bi Mafunda alizima redio. Akawaita wanawe wawili, Mwinshehe fundi baiskeli na Kondo muuza nyama, akawaambia hataki kesi wala kelele. Anataka kumwagia maji mume wake mara moja kabla hajafunikwa, basi.

Mwinshehe alisema hilo dogo, mama atanunuliwa tiketi. Akaenda kuuliza. Akarudi amechoka kama aliyebeba baiskeli zote alizowahi kutengeneza. Ilionekana Bustani haiuzi tiketi kwa mtu mmoja. Wizara ilikuwa imefanya utafiti ikaona mtu anayecheka peke yake hueleweka vibaya. Tiketi ilikuwa ya familia, na familia maana yake ni wote wanaokula chungu kimoja. Na chungu cha nyumba ile, enyi watu, kilikuwa sufuria la shughuli. Palikuwa na Mwinshehe na mkewe Chausiku na watoto wao, Kondo na mkewe na watoto wao, mayatima wa marehemu kaka yao mkubwa, dada wa Chausiku aliyeitwa Tabu na binti yake, na wengine waliokuja kusalimia miaka ya nyuma wakasahau kuondoka.

Ikabidi familia nzima iende kustarehe ili mtu mmoja akalie.

*

Iliundwa kamati. Nchi ile haikujua kufanya jambo bila kamati. Hata mtu akipaliwa, hukaa kamati ya kumpiga mgongoni. Mwinshehe akawa mwenyekiti, Chausiku mweka hazina, na Kondo mjumbe wa kupinga. Walichangishana kama wanavyochangishana harusi, na kama kwenye harusi, vikao vikaanza kula michango. Kikao cha kwanza kilikunywa soda za nauli. Cha pili kilijadili nani alikunywa soda za nauli, nacho kikanywa. Chausiku akatangaza vikao vilivyobaki ni vya maji ya mtungini, na mahudhurio yakapungua mpaka wakabaki wenye nia safi.

Usafiri ulipatikana: lori la mchanga la jirani, lililokuwa linakwenda upande ule tupu, likawa radhi kuwapakia kwa bei ya mchanga. Chakula nacho kilileta mjadala. Bustani haikuruhusu chakula cha nje, na sahani ya chipsi za ndani ilikuwa na bei ya kuku mzima akiwa bado anawika. Chausiku akapata dawa. Pilau lingepikwa alfajiri, lingeliwa juu ya lori, mtu ashibe mpaka ashindwe kuinama, kisha waingie nalo tumboni. Askari alikuwa na haki ya kupekua kapu, tumbo halimo kwenye sheria.

Yote hayo yalipangika. Kilichokataa ni bei ya kuingilia. Ubao wa langoni ulikuwa na mistari miwili tu, imeandikwa kwa rangi ya taifa: WAKUBWA BEI KAMILI. WADOGO NUSU BEI. Chini yake kwa herufi za kubanana: Wadogo wataambatana na mkubwa wao. Mwinshehe alijumlisha wakubwa wa nyumba yake, akatoa soda, akaona hata wakiuza lango la uani hawafiki.

Kondo ndiye aliyeona mwanya. Mtu huyu, mniwie radhi, alikuwa mkubwa wa mwili kuliko mizani yake ya nyama. Akikaa kwenye benchi, wa upande wa pili hunyanyuka. Alisimama mbele ya kamati akatafuna mdomo, akauliza, "Watoto wako wananiita nani?"

"Baba mdogo," Mwinshehe akajibu.

"Na ubao unasemaje kuhusu wadogo?"

Chausiku alicheka mpaka akaweka chini mtungi, akamwambia shemeji yake kwamba akiingia langoni kwa tiketi ya mtoto lango litadai liongezewe bawaba. Lakini Mwinshehe hakucheka. Alikuwa anajua serikali yake. Kesho yake akamchukua mdogo wake, wakaenda Wizarani.

*

Wizarani palikuwa na ofisi ya Afisa Udogo. Ilifunguliwa siku ileile ubao ulipoandikwa, kwa sababu katika nchi ile ofisi huota palipo na neno lisilo na maelezo. Afisa Udogo alikuwa amevaa tai pana iliyofika mezani. Alimtazama Kondo kuanzia kichwani kushuka, safari iliyomchukua muda. Hakuuliza umri. Alisema umri ni mambo ya hospitali, Wizara inafuata jina, maana serikali bila majina ni msitu.

"Nyumbani unaitwa nani?"

"Baba mdogo, mheshimiwa."

"Mbele ya mashahidi?"

"Hata wakati wa kugombezwa."

Afisa akapiga muhuri. Kondo akatoka na Cheti cha Udogo, akikishika kwa vidole viwili kwa sababu kilikuwa bado kibichi.

Ebu oneni sasa mambo ya familia zetu, nasema familia zao. Ikagundulika kwamba karibu kila mtu ni mdogo wa mtu. Mwinshehe mwenyewe, mkubwa wa nyumba, alikuwa baba mdogo kwa mayatima wa marehemu kaka yao. Muhuri. Chausiku alikuwa mama mdogo kwa binti ya dada yake. Muhuri. Mke wa Kondo, shangazi, mjomba aliyekuja kusalimia, wote walipekuliwa ukoo wao mpaka ukatoka udogo. Ndani ya wiki ile nyumba ya watu wazima iligeuka shule ya vidudu, na michango ikaanza kutosha.

Aliyeshindikana ni Tabu, dada wa Chausiku. Alikuwa mwanamke mwembamba kama ufagio wa uani, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anaposalimia, na tangu azaliwe hakuwahi kukaa kiti cha mbele popote. Lakini watoto wote walimwita Mama Mkubwa. Walijaribu kumgeuza huku na huku: alikuwa kifungua mimba, kwa mama aliyekuwa kifungua mimba, kwa bibi aliyekuwa hivyo hivyo. Kila walipomshika alikuwa mkubwa. Afisa Udogo alimwandikia Mkubwa kwa wino mwekundu, akamshauri asimame wima.

"Mtu mwenyewe upepo ukivuma tunamfunga kamba," Kondo alilalamika, "na analipa kama waziri."

Tabu aliomba radhi.

Hivyo wakawa na mkubwa mmoja wa kuwaambatanisha, kama ubao ulivyotaka, na hesabu ilibakiza mtu mmoja tu. Michango ilikuwa inatosha mkubwa mmoja. Wa pili hakuwezekana. Na wa pili alikuwa Bi Mafunda mwenyewe, mwenye safari.

*

Hapa nitasema taratibu kidogo.

Bi Mafunda alikuwa anaitwa Bi Mkubwa. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na watoto waliozaliwa juzi walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Lakini hakuanza nalo. Aliingia nyumba ya Mzee Kitwana akiwa mke wa pili, akakaa miaka akiitwa Bi Mdogo, akitenga chakula na kusubiri wenzake wanawe mikono kwanza. Bi Mkubwa wa kwanza alipofariki, msiba na arobaini vilipokwisha, Mzee Kitwana alikuwa amekaa barazani na wageni. Akaita kwa sauti, bila hata kugeuka, "Bi Mkubwa, tuletee kahawa." Watu wakatazamana. Bi Mafunda alisimama jikoni na birika mkononi, hakujua kama ameitwa yeye. Mzee akaita tena. Ndipo akaenda. Huo ndio ulikuwa urithi wake. Nyumba ilikuja kuvunjwa, kiwanja kikachukuliwa, jina likabaki.

Kondo analikumbuka vizuri jambo hilo, kwa sababu siku ile alikuwa anakula kashata za wageni. Na ndiye aliyesema, akiangalia chini, kwamba kwa hesabu ya zamani mama naye ana udogo.

Chausiku alimfinya. Mwinshehe akasema mama aachwe, tutafute njia nyingine. Wakatafuta. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kuuza ambacho kingepata mnunuzi kabla mwezi haujaisha. Wakarudi wote watatu wakakaa mbele ya mama yao, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Mwishowe Mwinshehe akasema, akizungukazunguka kama aliyepoteza tairi.

Bi Mafunda alisikiliza. Akauliza, "Nikiwa Bi Mdogo, nitaingia?"

"Utaingia, mama. Wote tutaingia."

"Na maji yangu?"

"Utaingia nayo. Maji si chakula."

Alikunja upindo wa kanga yake, akaukunjua. "Niandikeni," alisema. "Alinikuta Bi Mdogo, atanijua."

Kondo alitoka nje, na inasemekana siku hiyo alipunja mizani kwa faida ya wateja.

*

Vyeti vile, kumbe, vilikuwa na meno. Afisa Afya alipita buchani kwa Kondo, akaona Cheti cha Udogo kimetundikwa karibu na maini, akamnyang'anya kisu. Mdogo haruhusiwi kushika kitu chenye ncha bila mkubwa wake kuwepo. Ikabidi Mama Mkubwa Tabu akalishwe buchani kutwa, kwenye kiti kirefu, kumlinda shemeji wa mdogo wake asijikate. Wateja walimsalimia yeye kwanza. Mwinshehe naye alikwenda kulalamika juu ya maji ya bomba kutotoka, akaambiwa dirisha la malalamiko ni la wakubwa. Wadogo hueleza shida zao kwa mkubwa wao, naye akipata nafasi huzisahau.

Wizara ilipoona raia wanavyomiminika kuomba udogo kwa hiari, ilifurahi mno. Mheshimiwa Tambarare alihutubia redioni akasema ni dalili ya amani. Nchi nyingine, alisema, watu wanapigana kila mmoja anataka kuwa mkubwa, lakini hapa wanapanga foleni kuwa wadogo, na wanalipia muhuri.

*

Siku ilifika. Lori la mchanga liliwabeba mapema, pilau likaliwa njiani, na kwa mashimo yaliyokuwepo wengi walikula lililowaangukia. Bi Mafunda alikaa mbele kwa dereva, kopo la maji mapajani limefunikwa kitambaa, mrihani juu yake. Hakula. Alikuwa amevaa kanga aliyovaa siku ya arobaini ya mumewe, na mkononi alishika cheti chake, Bi Mdogo, muhuri upande.

Walikuta lango limefungwa nusu. Zulia jekundu limetandikwa, bendi ya polisi inapuliza, magari meusi yamejaa mpaka kwenye mtaro. Ule ubao wa bei haukuwepo. Pamewekwa kitambaa kipya: LEO NI SIKU YA WAKUBWA.

Mwinshehe alimwendea askari na tiketi za familia nzima. Askari, yuleyule mwenye adabu, alizipokea, akazisoma zote, akazirudisha. Alieleza kwamba tarehe imewahishwa. Leo Mheshimiwa anaweka jiwe la msingi la Maporomoko, mchana zege linamwagwa, na kwa heshima ya shughuli Bustani imetengwa kwa wakubwa pekee.

"Tumelipa," Mwinshehe alisema.

"Mmelipa kama nani?"

Kondo alisogea akasema yeye ni mtu mzima, ana watoto, apimwe popote. Askari akamwonyesha cheti chake mwenyewe, akamwambia kwa upole kwamba watoto wote husema hivyo.

Chausiku ndiye aliyefikiri. Alimvuta Bi Mafunda mbele, akamwambia askari kwamba huyu hapa anaitwa Bi Mkubwa, muulize yeyote, uliza lori zima, uliza dereva. Lori zima likaitikia. Askari aliinama akachukua karatasi kutoka mkononi mwa bibi, akaisoma polepole, akaonekana kuumia kweli.

"Imeandikwa Bi Mdogo, mama."

Chausiku akauliza cheti kinafutwaje. Askari akasema udogo haufutwi hapa, unafutwa Wizarani, na Wizara nzima imo humu ndani inafurahi. Akauliza basi malalamiko yanapelekwa wapi. Akaambiwa wadogo walalamike kwa mkubwa wao. Ndipo wote, kwa pamoja, wakageuka kumtafuta Tabu.

Alikuwa amejificha nyuma ya gurudumu la lori. Askari alipoona wino mwekundu kwenye karatasi yake, alipiga mguu chini, akapiga saluti. Bendi, ikiona saluti, ikaanza wimbo. Mtu wa itifaki akaja mbio na ua la kumbandika kifuani, akamwomba radhi Mama Mkubwa kwa kucheleweshwa. Tabu naye akamwomba radhi. Waliombana radhi mpaka kwenye zulia.

Bi Mafunda alikuwa na muda mfupi tu. Alimshika Tabu mkono, akampa kopo. "Usiyatie haraka," alimwambia. "Anzia kichwani. Kichwa chake kiko upande wa banda la askirimu."

Lango likafungwa.

*

Waliobaki nje walisogea uzioni. Mabati hayakuwa na tundu. Juu yake lilionekana Gurudumu Kuu peke yake, linazunguka na mawaziri, wanapanda wanaona mbali wanashuka. Lakini vipaza sauti vilifungwa kila nguzo, ndani na nje, maana hotuba ndiyo kitu pekee nchi ile ilichokigawa bila kubagua. Kwa hiyo waliyoyasikia na waliyosimuliwa baadaye na Tabu yanakaa pamoja.

Mheshimiwa Tambarare alihutubia. Alisema wapo wanaouliza, wadogo watafurahi lini? Akasema swali hilo linaonyesha uelewa mdogo, na ndiyo maana wanaitwa hivyo. "Furaha ya mdogo hupitia kwa mkubwa wake," alisema. "Sisi leo hatupandi gurudumu hili kwa matakwa yetu. Tunapanda kwa niaba. Na wengine tunaumwa kizunguzungu." Wakubwa wakapiga makofi ya huzuni.

Kisha ikafika zamu ya jiwe. Mtu wa itifaki alitangaza kwamba mkubwa mwenye vazi la kiasili kuliko wote ndiye atakayefungua shughuli, akamshika Tabu kiwiko, akamsimamisha mbele ya kaburi la Mzee Kitwana na kumkabidhi mwiko wa zege. Nyuma yake gari la zege lilikuwa linanguruma, tumbo linazunguka.

Tabu alisimama na mwiko mkono huu na kopo mkono huu. Alitutolea baadaye siri kwamba alitaka kusema hapana, neno hapana likaja mpaka kwenye ulimi, likakuta halijawahi kutumika, likarudi. Akaweka mwiko chini. Akavua viatu. Akang'oa magugu mawili matatu yaliyokuwa karibu, akaweka mrihani, akafunua kopo, akaanza kumwaga maji kichwani, taratibu, kama alivyoagizwa, huku midomo inatikisika.

Wakubwa wakatazamana. Hakuna aliyejua kama hiyo imo kwenye ratiba, na hakuna aliyetaka kuonekana hajui. Mheshimiwa Tambarare, mtu mwepesi, akavua viatu. Basi wote wakavua viatu. Kopo halijakwisha, akalipokea, akanyunyiza kidogo. Akampa Naibu. Naibu akampa Katibu Mkuu. Wakajipanga kwa vyeo, kila mmoja akinyunyiza tone lake, na mtangazaji akasema kwenye vipaza sauti kwamba taifa linashuhudia utaratibu mpya wa kubariki miradi.

Nje, kila mtu alimtazama Bi Mafunda. Alikuwa amevua viatu zamani, amesimama juu ya mchanga wa moto, viganja wazi, uso umeelekea bati. Kondo, yule mtu mkubwa mwenye cheti, alikuwa analia bila kujifuta.

Kopo lilipokauka bendi ikapiga, na gari la zege likarudi nyuma. Safari hii mafuta hayakuisha.

Tabu alitoka kwa zulia lilelile, ua kifuani, kopo tupu mkononi. Aliomba radhi kwa wote, mmoja mmoja. Bi Mafunda akamuuliza jambo moja tu.

"Wale wengine waliyatia wapi?"

"Mimi nilianzia kichwani, Bi Mkubwa."

"Najua wewe. Waziri?"

Tabu aliinamisha kichwa. "Miguuni."

*

Jambo hilo limekuwa desturi ya taifa. Kila Shaabani, wakubwa hufika kwenye Maporomoko, ambayo mpaka leo hayajapata maji, huvua viatu kwenye zulia na kulinyunyizia zege. Kuna kamati ya kopo. Tabu hakualikwa tena, kwa kuwa Wizara ilichunguza ikaona jina ni kubwa lakini mwenye jina hana gari.

Na kila mwaka lori la mchanga huwaleta wadogo mpaka uzioni. Hawanunui tiketi. Wanasimama upande wa banda la askirimu, Bi Mafunda mbele, cheti chake amekifunga kwenye upindo wa kanga kwa sababu askari hukiulizia. Wanasubiri mpaka sauti ya mtangazaji itoke kwenye nguzo iseme Mheshimiwa sasa amepokea kopo, Mheshimiwa sasa anainama.

Hapo yeye huinama pia, akagusa bati kwa kiganja.

"Kichwani, baba," humwambia Waziri. "Anzia kichwani."

Vipaza sauti vya nchi ile vinatoa sauti nje. Havichukui.